Barua ya wazi kwa viongozi wetu: dakika 52 za vyeo kwenye mazishi ya fundi

Kwa Spika wa Bunge, Waziri Mkuu, Waziri wa Utumishi wa Umma, Waziri wa Afya, wenyeviti wa LC5 (mabaraza ya wilaya) na wawakilishi wa rais katika wilaya zote za Uganda.

Ndugu viongozi,

Nimeanza na neno "ndugu" kwa makusudi, na naomba msilipokee kama utovu wa adabu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Busia, upande wa Uganda. Kwa miaka kumi na sita nimekuwa nikiitwa pia kutafsiri hotuba kwenye mikutano ya hadhara, maana hapa mpakani mkutano mmoja unakusanya Wasamia, Wateso, Wasoga, Wakenya waliovuka asubuhi kuja sokoni na madereva wa malori wanaosubiri karatasi zao, na lugha inayowafikia wote ni Kiswahili. Katika kazi hiyo hakuna maneno niliyoyatamka mara nyingi kama majina ya vyeo. Nimeyatafsiri kwenye uzinduzi wa visima, kwenye harambee, kwenye mahafali na kwenye mazishi. Nawaandikia kwa sababu ya mazishi.

Agosti mwaka jana tulimzika baba yetu. Alikuwa mwashi. Kwa zaidi ya miaka arobaini alijenga nyumba za watu, maduka, kuta za makanisa na misikiti, na vyoo vya shule kadhaa za msingi katika kaunti ndogo yetu. Hakuna aliyemwita kwa jina lake la ubatizo. Wote walimwita Fundi. Hata mama alipokuwa anamtafuta jioni aliuliza watoto barabarani, "Mmemwona Fundi?"

Ratiba ya mazishi niliiandika mimi mwenyewe, ukurasa mmoja. Sala, historia ya marehemu, neno la mjane, neno la mwanafunzi wake, neno la mwenyekiti wa kijiji, mahubiri, kisha kaburini saa nane. Huyo mwanafunzi alikuja kwetu akiwa kijana wa miaka kumi na tano, na akafanya kazi na baba miaka ishirini na miwili. Siku hiyo alikaa nyuma ya hema, amevaa shati jeupe, na mapajani ameshika kitu kilichofungwa kwa gazeti. Kilikuwa ni mwiko wa baba. Alitaka kuuonyesha watu wakati wa kusema neno lake.

Emsii, yaani mwongoza shughuli, alipokamata kipaza sauti alianza, kama ilivyo desturi, kwa kutambua wageni. Alimtaja Mheshimiwa diwani, Mheshimiwa mwenyekiti wa kaunti ndogo, mwakilishi wa mwakilishi wa rais, Mhandisi fulani, Alhaji fulani, Kanali mstaafu, Daktari ambaye sikujua ni daktari wa nini, na watu wawili waliotajwa kuwa wabunge watarajiwa. Kila mmoja alisimama, akapunga mkono, wengine wakapewa kipaza sauti "wasalimie tu". Wa kusalimia tu naye alianza upya: Mheshimiwa fulani, Mheshimiwa fulani, Mhandisi, Alhaji, hadi mwisho wa meza kuu, ndipo aseme "itifaki imezingatiwa". Mgeni mmoja alichelewa, na kwa kuwa cheo chake kilikuwa juu ya wale waliokwisha tajwa, emsii akaona haya, akarudi mwanzo wa orodha ili amweke mahali pake. Mimi nilikuwa nimeshika ratiba na saa. Kutambua wageni kulichukua dakika 52.

Mawingu yakafunga upande wa ziwa. Emsii akasema muda umetubana. Mama, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka kando ya jeneza tangu asubuhi, aliombwa aseme maneno mawili matatu, na kweli alisema hayo tu: asanteni kuja. Neno la mwanafunzi likarukwa. Nilimwona akiinuka nusu alipodhani ameitwa, kisha akakaa tena. Mvua ilitukuta kaburini. Wageni wakakimbilia kwenye magari, na yeye akabaki, akachanganya saruji pale pale chini ya turubai, akafungua gazeti, akatoa ule mwiko, akaziba kaburi la Fundi bila kusema neno.

Nataka niwatendee haki wageni wetu wa siku ile. Walikuja wenyewe, wengine kutoka mbali. Walitoa rambirambi. Mmoja wa hao waliotajwa vyeo virefu ndiye aliyenunua mifuko ya saruji, na aliinunua kimya kimya. Sidhani kama hata mmoja wao alikuja msibani akisema moyoni, leo nitamnyang'anya mjane nafasi yake ya kusema. Utaratibu ndio uliomnyang'anya, na utaratibu huu mnaoushika ni ninyi, kwa sababu watu wa vijijini wanaiga yanayofanyika kwenye sherehe za serikali. Emsii wa kijijini hajabuni chochote. Ameyaona Kololo, kwenye uwanja wa sherehe za taifa Kampala, na kwenye viwanja vya wilaya, akayaleta kwenye matanga yetu.

Nimejiuliza mara nyingi tumefikaje hapa, maana heshima Uganda haikuanza na vyeo. Mtu akiingia dukani atasalimia kwanza kabla ya kutaja sukari. Tunaitana ssebo na nnyabo, yaani bwana na bibi kwa Luganda, hata na mtu tusiyemjua. Huko Tooro na Bunyoro, magharibi mwa nchi, wana empaako, na kwa maoni yangu hilo ni jambo zuri kuliko yote tuliyo nayo nchini katika habari ya kuitana. Mtoto anapopewa jina, anapewa pia empaako, moja kati ya majina machache yanayojulikana na wote: Amooti, Abwooli, Akiiki, Ateenyi, Adyeeri, Araali, Apuuli na mengineyo. Hilo ndilo utakaloitwa unaposalimiwa, unapoombwa radhi, unapofarijiwa. Okaali ndilo lililowekwa kwa ajili ya Omukama, yaani mfalme wao. Yaliyobaki ni ya kila mtu. Mchunga ng'ombe anaweza kuwa Abwooli, na waziri akawa Abwooli, na wakisalimiana asubuhi kila mmoja anapokea heshima ile ile. Mwaka 2013 UNESCO iliuweka utamaduni huu kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, kwa kuwa unafifia. Tunaacha heshima ambayo kila mtoto anazaliwa akaikuta, tunakimbilia ile ambayo watu wachache tu wanaipata.

Sehemu ya jibu ipo kwenye historia. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliandika hata namna Kabaka atakavyoitwa kwa Kiingereza. Mkataba huo huo uligawa ardhi, na maili za mraba 8,000 zikawekwa kwa ajili ya machifu na wamiliki elfu moja. Tangu siku hiyo cheo hakikuwa neno la kinywani tu. Kilikuwa na mipaka na mashamba, na mtu asiye nacho alijikuta mpangaji kwenye ardhi aliyozaliwa. Wajukuu zake wakijifunza kutafuta cheo kwa nguvu zote, mimi siwezi kuwalaumu.

Kisha likaja jeshi la kikoloni la King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya. Mwafrika alikuwa anapanda hadi mahali fulani, halafu mlango unafungwa. Neno "afande" tunalotumia hadi leo kwa askari na polisi linatokana na efendi la Kituruki, lililoletwa na wanajeshi wa Kinubi waliotoka Sudan. Mwaka 1959 Idi Amin alipewa cheo cha effendi, na wakati huo ndicho kilichokuwa kikomo cha askari mweusi. Uluteni aliupata mwaka 1961, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Huyo huyo mwaka 1975 akajifanya Field Marshal, mwaka 1976 akawa rais wa maisha, akajiita Daktari, akajivika herufi za nishani za Waingereza na kuzifasiri upya, CBE ikawa Mshindi wa Dola la Uingereza. Wazee walioishi miaka ile wanakumbuka jinsi mtangazaji wa redio alivyolazimika kuisoma orodha yote bila kuruka neno. Na huku orodha inasomwa, watu walikuwa wanachukuliwa usiku na hawarudi. Sisemi kwamba kila apendaye vyeo ni Amin, Mungu aepushe. Ninachokiona ni mtu aliyefungiwa mlango kwa ajili ya rangi yake, na alipoupata ufunguo hakuna cheo kilichomtosha. Naona kidonda hicho bado kipo kwetu wengi, wakubwa kwa wadogo. Majeshi yaliyoingia Kampala Aprili 1979 na kumng'oa Amin yalitumwa na Julius Nyerere wa Tanzania, rais ambaye nchi yake nzima ilimwita Mwalimu, na ambayo raia wake waliitana Ndugu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ni zito kuliko muda unaopotea.

Katika mikutano ninayotafsiri, sehemu ya mwisho huwa ni maswali ya wananchi, kama muda umebaki. Mwananchi anasimama, mara nyingi ni mama mwenye mtoto mgongoni au mzee mwenye fimbo. Kabla ya kuuliza anasema, "Mimi sina cheo, ni mtu wa kawaida tu." Nimeyasikia maneno haya kwa Kisamia, kwa Kiteso, kwa Luganda na kwa Kiswahili, na kila mara nimeyatafsiri kwa uaminifu kama kazi inavyotaka. Mtu anaomba radhi kwa kuuliza kwa nini bomba la kisima limekufa mwezi wa nne sasa. Kisima ni chake, kodi ni yake, mkutano umeitishwa kwa ajili yake, na bado anaona ni lazima aeleze kwanza kwamba hana haki kamili ya kusimama pale. Amekaa saa mbili akisikia wenye majina ni akina nani. Atajionaje?

Upande wa pili wa jambo hili ni afya. Kuna cheo ambacho nataka kilindwe kwa ukali kuliko kinavyolindwa sasa.

Mtoto wa dada yangu alikuwa na miaka minne. Alishikwa na homa, jioni akapata degedege. Dada alimkimbiza kliniki ya karibu, yenye kibao kilichoandikwa Dr. na jina la mwenyewe. Mwenye kliniki alivaa koti jeupe, na mtaa mzima ulimwita daktari. Alimwekea mtoto dripu, akamchoma sindano, akasema tumpe muda. Degedege likarudi usiku wa manane. Nilikuwepo. Mimi nilisema twende hospitali, na dada akanijibu maneno ambayo siyasahau: "Daktari hajasema. Tutamwondoaje bila daktari kusema?" Tukakaa. Kulipopambazuka tulimchukua kwa bodaboda, na hospitalini wakatuambia ni malaria kali iliyokwisha kupanda kichwani, na wakauliza tulikuwa wapi usiku wote. Mtoto aliishi, tunashukuru. Ila masikio yake hayasikii vizuri, na darasani inabidi akae dawati la mbele kabisa. Baadaye tulikuja kujua kwamba yule bwana alisomea kazi ya maabara. Ni kazi ya maana, hospitali haiendi bila maabara. Laiti kibao chake kingesema hivyo, tungeondoka saa mbili usiku.

Ninyi mnaujua mpangilio wenyewe kwa kuwa ndio mlioupanga. Kituo cha afya cha ngazi ya II kinaongozwa na muuguzi. Cha ngazi ya III kinaongozwa na ofisa wa kliniki. Daktari anatarajiwa kuanzia ngazi ya IV, ambako panapaswa kuwa na chumba cha upasuaji. Kuna mabaraza matatu ya kusajili watu hawa: moja la madaktari na madaktari wa meno, moja la wauguzi na wakunga, moja la fani nyingine za afya. Karatasi zimekaa vizuri. Lakini mwananchi akifika mlangoni, wote wanaitwa musawo, neno la Luganda la mganga, na akihamia kwenye Kiswahili au Kiingereza wote wanakuwa daktari. Muuguzi hakatai, kwa sababu akisema "mimi ni muuguzi" mgonjwa anavunjika moyo na kumtafuta mwingine. Nimeongea na wauguzi wawili juu ya jambo hili na wote wawili walisema wanachoka kujieleza. Naomba Wizara ya Afya iwape beji yenye maandishi makubwa: jina, na kazi yake kwa lugha ya mahali. Muuguzi. Mkunga. Ofisa wa kliniki. Fundi wa maabara. Daktari. Na kibao cha kila kliniki ya binafsi kiandikwe hivyo hivyo, na mkaguzi apite akitazama kibao kama anavyotazama leseni. Mama mwenye mtoto anayerusha miguu kwa degedege apate kujua kwa kuangalia tu kama amefika kwa mtu anayeweza kumsaidia au aendelee na safari.

Hali ni hiyo hiyo kwa wahandisi. Sheria ya kuwasajili ipo tangu mwaka 1969, na bado kila msimamizi wa saiti anaitwa injinia, na kwenye kadi za harusi anaandikwa Eng. Majengo yameanguka Kampala yakiwa bado yanajengwa na kuua vibarua. Baba alinifundisha kwamba fundi mwashi na mhandisi ni watu wawili tofauti, na alipopewa nyumba ya ghorofa alikuwa akisema wazi kwa mwenye nyumba, "Hii tafuta mhandisi, mimi nitafuata anachosema." Alikosa kazi kadhaa kwa kauli hiyo. Mwenye nyumba alikuwa anakwenda kwa mwingine ambaye hakukataa kuitwa injinia.

Na hizi shahada za heshima zinazotolewa kwenye kumbi za hoteli, mtu akitoka pale ni Daktari kwenye kila bango, naziachia Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, ambalo kazi yake ni kutambua vyeti. Naomba tu lizungumze kwa sauti ambayo emsii wa kijijini ataisikia.

Kwa hiyo ombi langu lina pande mbili, na naomba zisichanganywe. Jina linaloniambia kazi ya mtu, alichosomea na ninachoweza kumwamini kwacho, lishikeni sana, na anayelichukua bila haki aulizwe. Jina linaloniambia tu kwamba mwenzangu yuko juu yangu, liwekeni kando kila inapowezekana. Najua hapa kuna maswali. Mheshimiwa ndani ya ukumbi wa Bunge ni utaratibu wa kuendesha mjadala, sitaki kuugusa. Hakimu kortini aitwe kama korti inavyotaka. Kabaka, Omukama, Kyabazinga na viongozi wengine wa jadi wana watu wao na mila zao, na tangu falme zilipozimwa mwaka 1967 hadi ziliporudishwa mwaka 1993 tulijionea kwamba mambo haya hayafutwi kwa amri. Mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, aitwe mwenyekiti. Muhuri wake ndio tunaouhitaji tukitaka barua ya kujitambulisha. Ninazungumzia yale malimbikizo: Mheshimiwa, Daktari, Mhandisi, Alhaji, Kanali Mstaafu, yote juu ya kichwa kimoja, yakisomwa mbele ya watu waliosimama juani.

Na kuna sababu moja inayonifanya niandike mwaka huu wala nisingoje.

Uganda inaingia kwenye Kiswahili. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 na kukifanya lugha rasmi ya pili. Mwaka 2019 Baraza la Mawaziri lilikubali kuundwa kwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Mimi na walimu wenzangu tulifurahi hadi machozi, kwani tumebeba mzigo wa lugha hii miaka mingi katika nchi iliyoiogopa. Mnajua kwa nini iliogopwa. Amin aliitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa wazazi wengi wa Buganda na kwingineko Kiswahili kilikuwa sauti ya mtu mwenye bunduki kwenye kizuizi cha barabarani. Kilikuwa lugha ya "toa kitambulisho", "lala chini", "ndiyo afande". Wanafunzi wangu wanasimuliwa hayo na bibi zao hadi leo, halafu wanakuja darasani kuniuliza kama ni kweli Kiswahili hakina maneno ya upole.

Kinayo. Kina ndugu, kina mwenzangu, kina tafadhali, kina samahani, kina hodi na karibu, kina pole ambayo nimeshindwa kuitafsiri kwa Kiingereza miaka yote hii. Lakini nikienda kwenye mikutano ya serikali inayojaribu kutumia Kiswahili, nakuta hotuba imeanza na vyeo vya Kiingereza vilivyovalishwa nguo mpya. Right Honourable nimeisikia ikitafsiriwa Mheshimiwa Sana, Mheshimiwa Mtukufu, hata Mheshimiwa wa Haki. Wenzangu wananipigia simu kuniuliza lipi ni sahihi, na mimi nikawa natoa jibu la kamusi. Sasa nimeacha. Nawajibu wamwite mtu kwa kazi yake, Spika, Waziri Mkuu, Mkurugenzi, na jina lake, basi. Lugha hii inaanza ukurasa mpya kwetu, na ukurasa huo bado mweupe. Mkiuanza kwa kurundika vyeo, mtoto wa darasa la nne atajifunza kwamba Kiswahili ni lugha ya kuwainamia wakubwa, kama bibi yake alivyojifunza kwamba ni lugha ya kuwaogopa askari.

Hivyo nawaomba. Toeni waraka mmoja, mfupi, kwa wilaya zote. Ni zaidi ya 130, na kila moja ina maofisa wake wa itifaki. Useme kwamba kwenye shughuli yoyote inayolipiwa na serikali, mtu atatajwa kwa jina na kwa wadhifa mmoja, ule uliomleta pale. Majina ya wageni yaandikwe kwenye karatasi, yabandikwe mlangoni, anayetaka kuyajua ayasome. Msemaji asalimie mkutano mara moja: mabibi na mabwana, au ndugu zangu. Maswali ya wananchi yawekwe kabla ya hotuba ya mgeni rasmi, ili muda ukibana, ubane kwetu sote.

Na kwenye mazishi, tafadhali, msisubiri waraka. Mazishi ni ya wafiwa. Mkija, na tunataka mje, semeni na emsii kabla hajashika kipaza sauti. Mwambieni asiwatambulishe. Mwambieni mjane aseme kwanza, watoto waseme, waliofanya kazi na marehemu waseme, na ninyi mtasema kama muda upo. Mkifanya hivyo mara moja tu mahali pamoja, habari itafika vijiji vyote vinavyozunguka kabla ya Jumapili. Kama walivyoiga mengine, na hili wataliiga.

Wiki moja baada ya mazishi nilimfuata yule mwanafunzi wa baba, nikamkuta amekuja kuangalia kama saruji ya kaburi imekauka bila nyufa. Nikamwomba radhi kwa niaba ya familia. Akasema hakuna neno, ratiba ilikuwa imejaa. Nikamuuliza angesema nini. Akatoa mfukoni mwa shati karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, wino umevuja kwa mvua ya siku ile. Alikuwa ameandika kwamba Fundi hakumtoza hata shilingi kumfundisha. Kwamba timazi na pimamaji anavyotumia hadi leo alinunuliwa na Fundi. Kwamba vyoo vya shule moja Fundi hakumaliziwa malipo yake, na sakafu ilipopata ufa alirudi kuiziba kwa saruji yake mwenyewe, akisema watoto wasikose pa kwenda. Hili la vyoo hata sisi watoto wake hatukulijua, na mama alilisikia kwa mara ya kwanza siku hiyo, amesimama mlangoni na ungo mkononi.

Alisoma polepole, akiwa amesimama kando ya kaburi kama vile watu wako mbele yake. Mimi kwa mazoea ya kazi nilitazama saa. Dakika tatu hazikutimia.

Wenu,
mwalimu wa Kiswahili na mkalimani,
Busia, Uganda